Isale Alilolifikisha Eliufoo

Watu wa Kirua Vunjo wanamsema vibaya Eliufoo. Wacha waseme, mdomo ni mali ya mwenyewe. Kila mwaka kanisani husomwa habari ya kijana aliyetapanya mali, akarudi nyumbani na kuchinjiwa ndama, na watu hutoa machozi. Hakuna anayeuliza ndama yule alikatiwa majani na nani.

Hapa majani alikata Eliufoo. Alimkamulia baba yake ng'ombe, akamnyoa ndevu, akamgeuza kitandani miguu ilipogoma. Mdogo wake, Denis, alimtukana mzee mbele za watu, akateremkia mjini, Pasua, na hakuonekana tena. Na bado, kwa mila, nyumba ya baba ni ya kitinda mimba. Haki iko wapi?

Basi Jumamosi moja Denis akatokea langoni, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na halikataliwi. Anayelikataa amejiitia laana.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kwa baba."

Eliufoo alitupia jicho dirisha la mzee; lilikuwa wazi. "Punguza sauti! Baba ameapa ukikanyaga hapa atakulaani." Mzee hakuwa ameapa kwa mdomo, lakini Eliufoo alimjua baba yake; angeapa tu. "Lete nimpelekee. Ningoje kule kwenye kona."

Denis alipogeuka, Eliufoo akalitupa jani zizini. Hakulikataa, jamani, yeye hakuletewa.

"Nani huyo langoni?" mzee Sifael aliuliza kutoka kitandani.

"Muuza miche ya parachichi, baba."

Mzee akamwita karibu. "Mwanangu, nimechoka kumngoja Denis. Nitakufa nikimngoja. Kakate isale pale mpakani, uniletee."

Eliufoo alilileta. Mzee akalifunga fundo mwenyewe, akalitemea mate ya baraka. "Mtafute mdogo wako umpe. Akiliona ataelewa kwamba nimemsamehe, na mimi anisamehe."

Sasa angefanyaje? La baba halikataliwi. Alilipeleka mpaka kwenye kona, akaliweka mkononi mwa Denis, wala hakutamka neno. Uongo uko wapi hapo?

Denis aliligeuza-geuza. Alidhani ni lile lile lake limerudishwa. "Amelikataa?"

Eliufoo akatazama chini. Denis, mtu mzima, akalia barabarani, akaliacha jani lianguke vumbini, akapanda bodaboda akateremka. Eliufoo alimwonea huruma, nani angekosa? Lakini alipumua.

"Umerudi upesi," mzee alisema. "Umemwona?"

"Nimemkuta njiani, baba."

"Amelipokea?"

"Kwa mikono miwili."

Mzee akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akamwita Magreth, mke wa Eliufoo, akamwambia aongeze ndizi chunguni, kisha aje amwinue akae kitako, ili Denis akiingia asimkute amelala.