Bluu au Kahawia

Sheria ya maabara ilikuwa wazi: kipimo cha ndugu yako usikiguse. Lakini daktari wa vipimo alikuwa peke yake wiki ile, fundi wake yuko likizo, na kaka yake ndiye aliyebaki katika familia nzima. Akajitia hamnazo, akavaa glavu, akakikata kinyama cha uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana wa kaka yake na kukipaka dawa za rangi mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa miaka kumi.

Kaka mtu alikuwa ameuliza kwenye simu, "Hivi hao askari wa mwili wangu wako wapi? Wamelala?"

"Wapo, kaka. Uvimbe unawapa ishara kwamba na wenyewe ni wa nyumbani, basi wanaupita."

"Mabwege hao!"

"Kuna dawa ya kuizima hiyo ishara. Ila huwafaa zaidi wenye uvimbe uliokosa protini za kurekebisha makosa ndani ya seli. Huo una kasoro nyingi, askari wakiruhusiwa wanaujua mara moja. Kwenye kipimo unabaki bluu. Uvimbe ukiwa nazo, unageuka kahawia, na dawa hiyo haikusaidii."

"Basi nitafutie bluu, dada yangu."

Jumatano asubuhi akainamia hadubini. Bluu! Moyo ulimruka, akapiga meza kwa furaha, kisha akageuka amwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Akachukua kalamu.

Bado kidogo atie saini kwenye jibu, akaona jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelikosa. Seli zenye afya zilizo kando ya uvimbe, ambazo kwa kila binadamu lazima ziwe kahawia, nazo zilikuwa bluu. Alikuwa ameiruka chupa ya kwanza ya dawa. Rangi haikushika popote.

Alikaa na kalamu mkononi muda mrefu, na tusimfanye malaika: alitamani kusaini. Nani angejua? Lakini kaka yake angepewa dawa isiyomfaa, na ile ya kawaida, yenye nafuu kidogo, angeikosa.

Akarudia, chupa moja baada ya nyingine. Alasiri uvimbe ukatoka kahawia kabisa. Askari nao aliwaona, wamejazana ukingoni, hakuna hata mmoja aliyeingia ndani. Akalia, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Akapiga simu. "Kahawia, kaka."

"Umeangalia vizuri?"

"Mara mbili."

"Ya kwanza ilisemaje?"

Angeweza kudanganya. "Bluu. Niliharibu mimi, nilisahau dawa."

Kaka akavuta pumzi. "Ungenipa japo siku moja ya hiyo bluu."

Simu ilipokatika, dada mtu akatia saini kwenye jibu la kahawia.