Gacheri Anasoma

...na kidole chake kiko pale pale chini ya neno, hakijasogea, kidole chembamba chenye kovu kando ya ukucha, na mimi nimeketi nyuma kabisa kwenye dawati la mtoto, magoti yamebanwa na ubao, Mutugi, mwenzangu wa ofisini, kando yangu na tableti yake mapajani, na darasa zima limenyamaza, wasichana wote wenye sweta za buluu wameinamia vitabu vyao, na katikati yao Gacheri amesimama, alikuwa akisoma vizuri, polepole lakini vizuri, mvua ilinyesha, mto ukafurika, mbuzi akachukuliwa na maji, na yule mtoto... hapo akasimama, yule mtoto nini, mimi najua, kitabu hicho hicho kiko wazi mbele yangu, yule mtoto aling'ang'ania kamba, neno refu, limebeba alama mbili ndogo juu yake kama nzi wawili juu ya kamba ya kuanikia nguo, na yeye amelisema neno hili maisha yake yote, huko kwao Maua lazima amelisema, lakini kulisema ni kitu kimoja na kukutana nalo limesimama kwenye karatasi likikutazama ni kingine, ana miaka kumi na mitano na kitabu ni cha darasa la tatu, aliacha shule akiwa darasa la pili akaenda kufunga vifurushi vya miraa na wakubwa, hayo niliyasoma kwenye faili asubuhi, na kwamba alishikwa pamoja na wenzake ndani ya duka la mtu, na hakimu akasema aletwe huku juu, kwenye hii shule yenye ua na lango na mlinzi, na kwamba hakuna aliyekuja kumwona tangu aletwe, faili lilisema pia, kwa mstari mmoja tu, hana wageni.

"Ali..." anasema.

Niseme tu? Neno liko kwenye ulimi wangu, tamu kama peremende, ningelipuliza tu na lingemfikia, na yule msichana aliyekaa karibu naye vilevile analo, naona midomo yake imebanwa, wote wanalo, au wengi wao, lakini hakuna anayesema, na mwalimu, huyu kijana Murungi, amesimama karibu na ubao na chaki mkononi na hasemi kitu, hasogei, shati limemganda mgongoni kwa jasho ingawa Meru leo ina baridi ya ukungu, asubuhi alipotuletea chai kikombe kilikuwa kinaimba juu ya kisahani, anajua tumekuja kumpima, anajua mkataba wake unaisha mwaka huu, na anajua zaidi ya hayo, kwa sababu hizi habari husafiri, anajua kule ofisini kwetu Embu mkubwa amesema kipindi hiki cha kusoma kikikosa alama safari hii kitafutwa na saa yake wapewe watu wa cherehani, "msichana wa umri huo anataka kazi ya mikono, si hadithi za mbuzi," ndivyo alivyosema mkubwa, na watu mezani wakacheka kidogo, na mimi sina ugomvi na cherehani, nazisikia sasa hivi chumba cha pili, zinakwenda trrr, zinapumzika, trrr, na msichana mmoja aliyetoka hapa ana kibanda soko la Gakoromone, ndiye aliyenirekebishia hii sketi niliyovaa, kazi safi kabisa, lakini... lakini nini, najiambia, Rwamba, sema, lakini mtu anaweza kushona na kusoma, nani alisema achague.

Tableti inalia, mlio mdogo kama kifaranga. "Madam," Mutugi ananong'ona, "tunatakiwa kuweka alama saa hii." Najua. Hiki chombo chetu cha kupimia ndivyo kilivyo, kinalia, nawe unainua macho na kuandika unachokiona wakati huo huo, si kabla, si baada, mwalimu anafanya nini, anaeleza, anauliza, anasimamia kazi, hafanyi kitu, na wanafunzi je, wanajifunza au hawajifunzi, kwisha, unagusa kioo, na nilikaa semina nzima nikifundishwa kugusa kioo bila huruma, mkufunzi alisema hivyo, bila huruma, maana huruma inaharibu takwimu, na nilikubaliana naye, bado nakubaliana naye, kwa sababu nimeona huruma ikiharibu zaidi ya takwimu... "Mimi naona hafanyi kitu," Mutugi ananong'ona tena, na si mtu mbaya huyu Mutugi, ni kijana mwangalifu, njiani kuja alisimamisha gari ili ampishe bibi mmoja na punda wake bila kupiga honi, anasema tu anachokiona, mwalimu amesimama, hasemi, haandiki, haelekezi, "na hao wengine wamekaa tu, ama?" Ama. Ndiyo. Wamekaa tu.

Bila huruma, basi tuseme bila huruma, nani alipima darasa la Njura? Mbona sijawahi kujiuliza hilo, miaka yote hii katika kazi hii, Njura mdogo wangu, aliyenifuata kwa mama yetu, alichukuliwa kwetu Siakago akiwa na miaka kumi na minne, yeye na wenzake walivunja ghala la shule wakala maharagwe mabichi mpaka wakaugua, wajinga wale, akapelekwa kwenye shule kama hii, mbali, ya wavulana, na siku aliyorudi alikuwa amenenepa na viatu vyake vinang'aa, na baba akasoma ripoti kwa sauti kwenye uwanja mbele ya majirani, tabia njema, usafi mzuri, masomo ya kuridhisha, kuridhisha, baba alilirudia neno hilo kama mtu anayetafuna nyama, na Jumapili ile jioni tulipokaa kwa sala baba akampa Njura Biblia, akamwambia, "Leo soma wewe, Njura," na Njura akaipokea kwa mikono miwili, akasoma mstari wa kwanza, akafika mahali akakwama, na kabla hata hatujapumua mama akalitamka lile neno kutoka mlangoni pa jikoni, kwa sauti ya chini, kwa upendo, Mungu ni shahidi ilikuwa upendo, hakutaka mwanawe aaibike, na Njura akasema neno lile baada yake, akaendelea, akakwama, mama akamwambia, akakwama tena, mama akamwambia tena, mpaka ikawa mama ndiye anayesoma na Njura ndiye mwangwi, na Njura akaifunga Biblia polepole akamrudishia baba, akasema, "Wacha niangalie mbuzi," akatoka nje, na hajasoma tena mbele ya mtu yeyote mpaka leo, na ana watu wazima wenzake wanaomheshimu, ana maembe yake na ndengu zake na mizinga yake ya nyuki, kanisani anashika kitabu cha nyimbo na kuimba kwa moyo.

Kwa hiyo kuna mtu alikaa nyuma katika lile darasa la Njura. Lazima. Alibanwa magoti kama mimi, labda aliamka mapema, labda alikuwa na njaa, akaona mwalimu anaeleza, anauliza, anaandika ubaoni, wavulana wanaitikia wote kwa pamoja, na alipokwama mmoja, mwalimu akamsaidia haraka ili somo lisonge, na somo likasonga, vizuri sana, akaandika kuridhisha akaenda kula, na simlaumu, alichokiona ndicho alichokiandika, hakumwona Njura, mwangwi hauonekani, unasikika kama sauti ya mtu.

"Aling..." Gacheri anasema. Si aling. Karibu. Anatikisa kichwa mwenyewe, amejua si hiyo, hakuambiwa, amejua, na Murungi anamwitikia kwa kichwa, kidogo tu, kitu kama ndiyo, rudi, uko karibu, halafu ananitupia jicho mimi, mara moja, haraka, jicho la mtu anayejua bei ya anachokifanya, angeweza kumaliza haya sasa hivi, angesema neno, darasa lingeitikia, ukurasa ungegeuzwa na alama zingejaa, wala hakuna ambaye angemlaumu, naye anachagua kusimama hapo na shati lake lililolowa... anaogopa, kijana huyu, anaogopa kweli, na bado hasemi.

Na Maxine. Kwa nini namfikiria Maxine, binti ya Njura, Pasaka nilipokwenda alikuja na kitabu chake kibarazani ambapo baba yake alikuwa anatengeneza mzinga, akasema, "Baba, nisomee," na Njura akasema bila kuinua macho, "Soma wewe, mimi nasikiliza," na moyo ukaniuma, nilijua kwa nini, nikajifanya natafuta kitu mkobani, na Maxine akakaa chini kwenye vumbi la mbao akaanza kusoma, na Njura akaweka chini nyundo, akafumba macho, alisikiliza kwa mwili mzima, na Maxine akakwama, na Njura hakusema kitu, angesema nini, hakulijua neno, akangoja tu, macho yamefumbwa, kuku wakapita, mtoto akajaribu, akakosea, akajaribu, na baba yake amekaa pale kama mtu mwenye siku nzima, mpaka neno likatoka, lake mwenyewe, kutoka tumboni mwake, na Njura akafungua macho akasema, "Ehe, halafu?" na mtoto akaendelea, halafu, halafu, na mwalimu wake anasema hakuna mtoto anayesoma kama Maxine darasani kwao, na mimi niliondoka Siakago siku ile nikisikitika barabara nzima, nikisema maskini mdogo wangu, hawezi hata kumsaidia mtoto wake... maskini nani? Nilikuwa naangalia nini, mimi mtu wa kupima? Alimpa alichonyimwa. Hakuwa na neno la kumpa, akampa nafasi, akampa uso usio na haraka, na yule mtoto akajua anaaminiwa, na mimi nimekaa nikaona uchungu peke yake, miezi yote hii nimekuwa nikiubeba uchungu ambao mwenyewe labda aliuweka chini zamani, labda anapofumba macho vile hajifichi, labda anafurahi tu, mtu anafurahi kusikia mwanawe akisoma, ni hivyo tu.

"Madam, niandike ipi?" Mutugi ananong'ona, kidole chake kiko juu ya kioo, na Gacheri kidole chake kiko chini ya neno, na nageuka kumjibu, nina maelezo tayari, nina maneno mengi ya kitaalamu, najua mkubwa atauliza, najua nitasimama mbele ya ile meza Embu na nitasema, bila huruma, kwa takwimu zenyewe, kwamba wakati huo mwalimu alikuwa anafundisha, alikuwa anafundisha kuliko mwalimu yeyote niliyemwona mwaka huu, na kwamba chombo chetu kina kasoro, na wacheke wakitaka, nitawaambia waje wakae hapa wenyewe, lakini hayo yote ni ya baadaye, sasa yanatoka mawili tu, "Andika anafundisha."

"Anafundisha?"

"Na wao wanajifunza. Wote."

Ananitazama, kisha anatazama mbele, anawatazama hao wote waliokaa tu, na mimi natazama naye, na ndipo naona jambo ambalo sikuliona, yule msichana wa karibu na Gacheri, mwenye midomo iliyobanwa, ameweka kiganja chake juu ya kitabu chake mwenyewe, amelifunika neno, ili asije akalisema kwa bahati mbaya, na yule wa nyuma yake ameshika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na mwingine kule dirishani amefumba macho kabisa, hawajakaa tu, Mungu wangu, wanamshikilia, darasa zima linamshikilia msichana asiye na wageni, na hakuna aliyecheka, watoto walioletwa hapa kwa kuvunja na kupigana na kutoroka, hakuna hata mmoja aliyecheka, nimepima shule nzuri za mjini ambako wangekuwa wamekufa kwa kicheko.

Mutugi amegusa kioo. Sijui amegusa wapi, sitazami, atakuwa amegusa nilipomwambia, na tableti ameilaza kifudifudi, anainama mbele, viwiko juu ya magoti, kama watu wanavyokaa wakitazama dakika za mwisho za mpira.

"Ataweza?" ananong'ona, na sasa si ofisa anayeuliza.

Sijui. Labda hataweza leo. Kengele inaweza kulia, mvua inaweza kuanza, anaweza kukaa chini na neno lisitoke mpaka kesho au wiki ijayo, na kipindi hiki kinaweza kufutwa hata nikisema nini, hayo siyajui, ila naona kidole chake kimesogea kidogo, kimerudi mwanzo wa neno, anaanza upya, mwenyewe, midomo yake inajaribu bila sauti, na cherehani za chumba cha pili zimenyamaza kwa sababu zao wenyewe, na Murungi hajasogea, na mimi magoti yameacha kuuma au nimeyasahau, chukua muda wako, mama, pole pole, tuko hapa, tumekuja kutoka mbali kukusikiliza, siendi popote...