Pengo la Mwenyewe

Mchora mabango alikuwa na mwiko mmoja kazini. Bango la Kiingereza lenye jina la mwenye duka aliliandika lote, isipokuwa ritifaa. Alama hiyo, ile ile ya kwenye ng'ombe, Kiingereza huiweka kati ya jina na herufi s kuonyesha kitu ni cha nani. Basi yeye aliacha pengo, akamwita mwenye duka, akampa brashi aitie mwenyewe. Ya kinyozi wa jirani mpaka leo imeinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Binti yake alikuwa amefanya kazi naye miaka tisa. Lakini karakana itakuwa ya nani baadaye, hakujua. Baba zake wadogo walikwisha kusema kwamba ngazi si mahali pa mwanamke, na baba, mtu wa maneno ya kupimwa, hakuwajibu.

Asubuhi moja baba alitundika bango jipya la karakana yenyewe: PAINTER S WORKSHOP. Pengo wazi.

Kinyozi ndiye aliyeliona kwanza. Akamnong'oneza binti kwamba mzee kala chumvi nyingi, sasa hata chake anakisahau. Binti hakucheka. Alihofu macho ya baba yameanza kumtupa. Akachukua brashi nyembamba, akaegemeza ngazi, azibe pengo kabla wateja hawajafika, amsitiri mzee.

Kwenye kipandio cha nne akahisi ngazi imetulia. Baba alikuwa ameishika chini.

"Narekebisha kidogo tu, baba."

"Unarekebisha nini? Miaka tisa, mwanangu. Lini umeniona nikimtilia mwenyewe alama yake?"

Brashi ikasimama hewani. Binti alilitazama pengo, akamtazama baba, kisha akauliza kwa sauti ndogo kuhusu baba zake wadogo.

"Nimewaita waje saa nne. Kusoma wanajua."

Akavuta pumzi, akatia ritifaa kwa mkupuo mmoja. Ilisimama wima, nyeusi, haikuchuruzika. Kinyozi akalalamika kwamba yake mbona imelewa. Baba akamwambia siku ile alikuwa akiogopa kodi.

Mteja akafika, akamsalimu mzee, akasema anamtafuta mwenye karakana.

"Yuko juu," baba akajibu, mikono yake ikiwa bado kwenye ngazi. "Subiri ashuke."