Hayuko, Hayumo

Karatasi ilikuwa moja tu, na Faustine aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, huku bosi akitazama saa. Mwache atazame. Darasa la nne la Muleba lilimpa herufi zote, haraka halikumpa. Na sasa alikuwa mgane wa miaka sitini na minne, hana wa kumuwahi nyumbani Edmonton, London.

"Ni sahihi yako tu tunangoja, Mzee," alisema Hillary, mkuu wa kampuni ile ya wahudumu wa majumbani. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, Stratford, vioo kila upande. "Wewe ndiye mwakilishi wa familia za wateja. Ukisaini, Jumatatu tunawasha."

Walichotaka kuwasha ni mashine ya kupokea simu za wazee Waswahili. Waliiita wakala. Wakala mwenyewe hakumjua mteja hata mmoja. Akitajiwa jina, anatumia chombo cha kutafutia, kile walichokiita API, kidirisha cha kuchungulia daftari la kampuni. Na ili ajue kukitumia, lazima aandikiwe maelezo. Ndiyo ile karatasi. Aliyeyaandika, binti mmoja wa Nyeri aitwaye Njeri, alikaa pembeni na kompyuta mapajani.

"Kwa hiyo inafanya kama ilivyoandikiwa hapa?" aliuliza Faustine.

"Neno kwa neno, Mzee. Haijui kingine."

"Basi nisomee hapa chini. Macho yamegoma."

Macho hayakugoma. Alitaka yatoke midomoni mwao.

Njeri akasoma: "'Tafuta mteja kwa jina. Jibu likirudi tupu, mteja hayuko. Mjulishe mpigaji, kisha funga ombi.'"

"Hayuko wapi?"

"Eti?"

"Nauliza. Hayuko sokoni? Hayuko Woolwich? Hayuko duniani?"

Hillary akacheka. "Mzee, hiyo ni lugha tu. Hayuko ni hayuko."

"Kwenu. Ninyi mna hayuko moja, mnaipaka kila mahali kama siagi."

Mwezi wa pili walikuwa wameijaribu mashine hiyo kwa watu wachache, na Generosa, mke wa Faustine, akiwa mmoja wao. Asubuhi moja mhudumu wa kumnyanyua kitandani hakuja. Faustine akapiga simu, akataja Generosa Faustine, jina alilojulikana nalo hadi kanisani. Daftarini walikuwa wamemwandika kwa jina la baba yake, Generosa Rwegasira. Sauti ikajibu kwa upole kabisa, "Samahani, mteja huyo hayuko." Ikakata.

"Niko," alisema Generosa kutoka kitandani, akacheka. "Waambie niko."

Alipiga mara tatu. Hayuko, hayuko, hayuko. Mwishowe akamnyanyua mwenyewe, mgongo ukamkatalia, wakaanguka wote wawili. Nyonga ya Generosa ikavunjika. Wiki tatu hospitali, na baada ya hapo hayuko kweli. Wakubwa wakaleta barua: hitilafu ya mfumo. Hitilafu! Kitu kisicho na uso wa kutemea mate.

"Andika hayumo," alisema. "Hayumo daftarini kwa jina hilo. Halafu iulize jina la baba. Bado ikiwa tupu, isifunge kitu. Impigie mtu."

"Maelezo yakiwa marefu wakala anachanganyikiwa," alisema Hillary. "Yanatakiwa mafupi."

"Mimi wa darasa la nne sijachanganyikiwa, ije kuchanganyikiwa mashine ya wasomi?"

"Na huyo mtu wa kupigiwa kila saa, atapumzika lini?"

"Mke wangu ameshapumzika. Zamu yenu kukesha."

Bosi akakaza uso. "Tunaweza kutafuta familia nyingine isaini."

"Tafuta. Jumatatu nitasimama pale chini mlangoni, kila anayeingia nimsomee karatasi hii. Kwa kidole. Mpaka mwisho."

Vidole vya Njeri vikaanza kugonga kompyuta.

"Unaandika nini, binti?"

"Hayumo." Hakumtazama bosi wake. "Kosa ni langu, Mzee. Kwetu tunasema hayuko kwa kila kitu. Sikufikiria."

Miezi yote ile ya barua, hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo matatu: kosa ni langu. Faustine akakohoa, akatazama kioo.

"Simu ya huyo mtu niweke ya nani?" aliuliza Njeri.

"Ya huyu." Kidole kilekile kikamwelekea Hillary. "Sasa ijaribu. Tafuta Generosa Faustine."

Mashine ikajibu toka kompyutani kwa sauti ileile ya upole, ambayo Faustine angeitambua hata kaburini. "Hayumo daftarini kwa jina hilo. Je, jina la baba yake ni nani?"

Njeri akamgeukia. Faustine alilijua jina hilo kuliko lake mwenyewe.

"Silijui," akasema.

"Sawa. Nampigia mtu sasa. Tafadhali usikate."

Simu ya Hillary ikaanza kutetemeka mezani. Akaitazama. Akamtazama Faustine. Ikalia mara ya pili, ya tatu.

"Wewe pokea," alisema Faustine. "Ni mke wangu. Anasema yuko."

Ikalia ya nne. Hillary akapokea, "haloo" yake ndogo kuliko yeye.

Hapo ndipo Faustine alipovuta ile karatasi. Akakata neno hayuko kwa mstari mzito, juu yake akaandika hayumo, na pa kuweka sahihi akaanza na jina ambalo daftari lao halikuwa nalo: Generosa Faustine. Lake akaliweka chini. Herufi moja moja, na bosi angoje.