Amplifaya ya Mzee Raimundi

Sumaiya alikuwa amejilaza chali chini ya dashibodi ya pikapu, miguu nje, tochi mdomoni, mama Hildegardi alipomwekea chapati juu ya boneti na kumwambia ale kwanza, nyaya hazitoroki. Mama huyu aliuza chai nje ya stendi ya Mbinga, jirani na kibanda cha Sumaiya cha kufunga muziki wa magari, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona mtu anafanya kazi na njaa akanyamaza. Sumaiya alitoka, akanawa grisi kwa maji ya jagi, akala amesimama.

"Mungu akulipe, mama."

"Atanilipa. Wewe kula."

Pikapu ilikuwa ya mzee Raimundi, Mmatengo wa milimani, mkulima wa kahawa. Tangu mbolea ipande bei, shamba lilikuwa linamla yeye badala ya yeye kulila. Ndipo alipofunga spika kubwa mbili za besi nyuma ya pikapu, akawa anakodishwa kupiga muziki kwenye harusi na vipaimara, mpaka ufukweni kwa Wanyasa. Alishuka na muziki, akapanda na magunia ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, maana kwake kuupanda mlima ule na gari tupu ni dhambi ya kuungama. Magunia yenyewe aliyalaza juu ya amplifaya.

"Mzee, hii umeizika hai," Sumaiya alimwambia, akimwonyesha feni. Ilikuwa imezibwa na magamba ya samaki na mchanga wa ziwa.

"Usipa nao ni abiria, mwanangu. Ningewaweka wapi?"

Alicheka peke yake, kisha akaacha. Mwezi uliopita, kule Ngumbo, amplifaya hii ilijizima maharusi wakiwa katikati ya uwanja, wageni wakamalizia kwa makofi. Leo alikuwa na harusi Lundo, na mjomba wa bibi harusi alimpigia simu kumwambia wazi: muziki ukizima tena, ufukwe mzima hautamwita. Na asipoitwa huko, baada ya kahawa na muziki hapakuwa na shamba la tatu la kukimbilia.

"Ukiisafisha itafika jioni?" aliuliza.

"Hata iking'aa si saizi yake. Spika zako mbili nikizifunga sambamba zinavuta umeme mwingi kuliko inaoweza kutoa. Inachemka, inajizima. Nikizifunga kwa mfuatano itapona, ila besi itakuwa kama mtu anapiga mto kwa ngumi."

"Watanicheka."

"Watakucheka, baba. Sikufichi."

Jambo lililomuuma Sumaiya ni kwamba amplifaya ya saizi yake alikuwa ameshaipata. Aliiagiza mwenyewe, akaipima na spika za mzee, zikapatana kama chungu na kifuniko chake. Siku ileile ilipofika, Cuthbert akaichukua. Huyu Cuthbert alikusanya ushuru kwa niaba ya mzabuni mmoja, alivaa kizibao cha kung'aa, na alidai kibanda kimeingia hifadhi ya barabara, kwa hiyo anaondoka na amplifaya iwe kielelezo. Risiti hakuacha. Sumaiya alipofuatilia kwa mzabuni aliambiwa bosi amesafiri, njoo kesho. Hiyo kesho ilikuwa haijafika bado.

Na mzee Raimundi hakuwa mteja tu. Ismail, babake Sumaiya aliyemfundisha kazi na kumwachia kibanda, alipofariki, madereva wa stendi walisema nyaya si kazi ya mwanamke, wakahamisha magari yao. Mzee huyu alikuja na pikapu yake, akamkabidhi ufunguo mbele yao wote, akaenda zake kunywa chai. Hakugeuka hata kuangalia. Kila mteja aliyekuja baadaye alikuja nyuma ya ufunguo ule, na Sumaiya hakumaliza swala bila kumtaja.

Alikuwa ameanza kuzifunga spika kwa mfuatano kwenye ile amplifaya ya zamani, moyo mzito, gari dogo jeusi lilipoingia likipiga singeli mpaka vikombe vya mama Hildegardi vikatetemeka. Lilipofika mbele ya kibanda, muziki ukakatika. Akateremka Cuthbert, kana kwamba alishasahau alichokichukua hapo.

"Fundi, hebu angalia huu muziki wangu. Unawaka taa nyekundu, unazima."

"Fungua buti, kaka."

Sumaiya aliinama ndani ya buti, akaipangusa vumbi amplifaya. Kila amplifaya iliyopita mkononi mwake aliitia alama ya hina kwenye tundu la chanya, desturi ya babake, ili asipotee njia akifunga kwa haraka. Hina ilikuwepo.

"Spika zako zina koili mbilimbili," alisema taratibu. "Umeziunga zote pamoja, mzigo umekuwa mkubwa kuliko uwezo wa hii. Ndiyo maana inazima. Si saizi yako."

"Sasa?"

"Sasa hii ni ya mzee Raimundi. Uliichukua hapa hapa."

Madereva wa bodaboda walisogea. Mama Hildegardi aliacha kukanda unga.

"Hicho ni kielelezo," Cuthbert alisema.

"Kielelezo kinapiga singeli?"

Mtu mmoja akacheka, wakacheka na wengine. Cuthbert alitazama nyuso, akatafuta hata moja ya upande wake. Mzee Raimundi alikuja akasimama kando ya Sumaiya, mikono mfukoni. Sumaiya akachukua bisibisi. Skrubu zilitoka moja moja, na hakuna aliyemzuia.

Aliifunga kwenye pikapu, juu, nyuma ya kiti, mahali ambapo gunia halifiki. Spika zote mbili sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Alipowasha, mlindimo uliingia kifuani taratibu, ukatulia humo, na kifuniko cha feni kikabaki baridi. Mzee Raimundi alivua kofia.

"Mwanangu, sina la kukupa."

"Ulishanipa, baba. Wahi, bibi harusi anasubiri. Na usipa wakae nyuma."

Pikapu ilipotoka stendi, Cuthbert alitoa mnyororo kwenye gari lake, akaupitisha kwenye mlango wa kibanda, akabana kufuli kubwa. Kibanda kimefungwa mpaka faini ilipwe, alitangaza. Faini ya nini, hakusema. Ndani zilibaki nyaya, spika za wateja na mkeka wa swala wa babake. Sumaiya alisimama na kisanduku cha bisibisi, kilichopona kwa sababu kilikuwa nje, na machozi yakamjaa.

Mama Hildegardi aliondoa chupa za chai kwenye ncha ya benchi lake, akapafuta kwa kanga.

"Kaa. Kazi yako utafanyia hapa. Pakikubana tutaongeza meza."

Sumaiya akakaa, akapanga bisibisi zake juu ya benchi. Besi ya mzee Raimundi ilikuwa bado inasikika kwa mbali, haikatiki. Alhamdulillahi, akasema, na alimaanisha.

Cuthbert, jasho likimtiririka, alikuja akaketi ncha ya pili, akaagiza chai.

"Imekwisha," mama Hildegardi alimwambia, huku akimmiminia Sumaiya kikombe mpaka juu.