Kitambaa cha Mzee Nikodemo

"Mashine ikizima tena mbioni, Mzee, mikoba anachukua Zablon."

Dada Stara aliyasema hayo Jumamosi walipofika kijiji cha Haneti kwa mashindano, mbele ya timu nzima, na timu nzima ilikuwa watu watatu tu. Yeye Stara, mwenye duka la spea kule Chang'ombe ya Dodoma na mwenye pikipiki; Shaibu, dereva wa bodaboda aliyekuwa akiwaendeshea mashindanoni; na fundi wao, Mzee Nikodemo. Zablon ni kijana wa gereji ya Chimwaga, na wala hakuwepo.

Nikodemo akashusha mkoba wake wa spana. Mwezi wa tano alisahau kukaza nati ya gurudumu la nyuma, Mungu tu akasaidia. Mwezi wa saba akasahau mfuniko wa oili, mashine ikazima katikati ya mbio. Gereji alikofanya kazi miaka ishirini walishamwambia kwa adabu akapumzike, na kupumzika kwenyewe ni kukaa mlangoni kutwa ukitazama pikipiki za wenzio zikipita. Kilichombakia duniani ni ile pikipiki nyekundu ya Stara. Wakimnyang'anya na hiyo, jamani, ataamkia nini?

Basi siku ile aliifungua yote na kuifunga tena, nati kwa nati, huku Shaibu akimtania, "Mzee, ukiendelea hivyo utaipaka na wanja." Mzee akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Timu ile ilikuwa na mwiko mmoja. Fundi akishafuta tangi kwa kitambaa chake na kusema "tayari," dereva hagusi kitu. Anapanda, anaondoka. Mwiko huo aliuweka Nikodemo mwenyewe, enzi neno lake likiwa neno, na Shaibu aliushika kama dini.

Jumapili watu walipotoka kanisani, shamba la mtama lililokwisha kuvunwa likajaa mpaka kwenye vichuguu. Pikipiki tisa zikapangwa kwenye mstari, zinaunguruma. Ndipo wenyeji wakamwita katekista aombee mbio. Lo, yule bwana aliomba! Aliombea mvua, akaombea ng'ombe, akaombea waliosafiri na waliokusudia kusafiri. Nikodemo akaona mashine itachemka bure, akaizima. Na mkono wake, wenyewe, bila kumwuliza, ukapita chini ya tangi ukafunga koki ya petroli.

Pikipiki ikisimama, koki ifungwe. Maneno hayo aliwapigia kelele madereva wa Dodoma maisha yake yote, maana kabureta zao kuukuu huvuja. Mazoea yana taabu.

"Amina," watu wakaitikia. Nikodemo akafuta tangi taratibu, akasema, "Tayari." Shaibu akapanda, akapiga kiki.

Sasa, koki ikifungwa pikipiki hainyamazi hapo hapo. Hunywa kwanza petroli iliyobaki kwenye kabureta, nawe ukadhani mambo ni shwari. Shaibu aliongoza mzunguko wa kwanza, vumbi lote kawaachia wenzake, na Stara akapiga kigelegele. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya mbali, mlio ukafifia, ukakatika.

Nikodemo alijua palepale. Alitazama mkono wake wa kulia, akauchukia. Kule mbali akamwona Shaibu akiinama, akipeleka mkono chini ya tangi, akingoja, akipiga kiki. Mashine ikawaka, lakini wote walikwisha kumpita. Alimaliza wa mwisho.

"Kulikoni?" Stara akauliza.

Shaibu alivua kofia. Hakumtazama mzee. "Petroli chafu, dada. Ile ya kwenye chupa, ya njiani. Mzee hana kosa."

Stara akasonya. "Haya. Petroli si fundi. Mzee, leo umepona."

Hapo ndipo angesema. Badala yake, tuseme ukweli, alifurahi. Alifurahi kama mwizi aliyepitwa na askari, na aibu ikamjaa.

Alasiri kulikuwa na mbio za pili na za mwisho, za wote tisa. Nikodemo alifungua koki, akaigusa mara tatu kuhakikisha. Akakaza kila nati. Akafuta tangi. "Tayari," akasema, akaenda kunywa maji. Kabla hajafikisha kikombe mdomoni, akageuka.

Shaibu alikuwa ameinama. Mkono wake ukashika koki. Ukashika waya wa plagi. Ukashuka kwenye nati ya gurudumu la nyuma, ukaijaribu, upesi upesi. Na Stara alikuwa amesimama katikati, ametandaza kanga kama anayejikinga jua, ili mzee asione.

Kumbe Stara naye alijua kuwa si petroli.

Shaibu akashinda. Watu wakamkimbilia mzee, "Mbukwa, fundi! Mbukwa!" wakimpongeza kwa salamu ya Kigogo, huku wakimpiga mgongoni. Naye akazidi kukunja kitambaa chake, kikawa kidogo kama bahasha. Akakiweka juu ya mkoba wa spana, akausukuma mbele ya Stara.

"Koki niliifunga mimi," akasema. "Mpeni Zablon."

"Mzee, lakini mashine imeshinda!" Shaibu akasema, machozi yanamlengalenga.

Nikodemo akangoja. Alitamani mmoja wao aseme hapana, chukua mkoba wako, fundi wetu ni wewe. Angeuchukua, wallahi angeuchukua. Stara alitazama chini. Shaibu alifuta macho kwa kiganja.

Kisha Stara akainama, akaubeba ule mkoba mwenyewe, polepole, akaupeleka kwenye gari walilokuja nalo.