Mwanafunzi wa Mwalimu Weris

Kwa miaka mitatu Mwalimu Weris alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha wadogo, na kwa miaka hiyo yote haikuandikwa barua hata moja ya kusema hivyo. Kazi aliifanya tu. Ndiye aliyewapokea wazazi waliofika langoni na watoto ambao shule nyingine zilikuwa zimeshindwa nao: wasioweza kutulia, wasiotamka neno, wanaoikodolea macho herufi mpaka machozi yakawalenga. Shule yenyewe ilikuwa nje kidogo ya mji wa Garissa, upande wa kwenda Bura, madarasa sita ya mabati yanayochemka kuanzia saa nne asubuhi.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka, mwenyekiti wa bodi, Mzee Abdijabar, aliwakusanya walimu akatangaza kuwa wamepatikana wakuu wapya wa vitengo viwili. Kitengo cha ufundi, cha watoto wakubwa, kingeongozwa na Bi Ruweyda aliyetoka Mandera.

"Na kitengo cha wadogo tumempa Bwana Sakariye," alisema. "Ana digrii mbili, na ya pili ni ya elimu maalum yenyewe."

Weris alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwalimu aliyeketi kando yake alimgusa goti, na mguso ule ulimuumiza kuliko tangazo. Lakini kijana alipoingia, mrefu, shati limenyooshwa vizuri, Weris aliutambua uso wake mara moja, na furaha ikampanda hata akaisahau aibu yake.

Alikuwa Sakariye wake. Miaka ishirini na miwili iliyopita, katika shule ya msingi ya kawaida kule Wajir, alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeketi nyuma kabisa, asiyejua hata herufi moja, akiitwa gogo na wenzake na walimu pia. Alichapwa karibu kila siku. Weris, wakati huo mwalimu mgeni, aligundua kwamba mtoto huyo alijua chapa ya kila ukoo iliyochomwa kwenye ngamia waliokuja kunywa visimani. Aliziona mara moja tu, hakuzisahau. Basi akaanza kumfundisha herufi kama chapa. Hii ya ngamia wa babako, ukiigeuza ni Y. Hii yenye ndoano ni J. Walikaa baada ya masomo, mwaka mzima na nusu ya mwaka wa pili, mpaka siku aliposoma ukurasa mzima kwa sauti, na mamake akamletea Weris kibuyu cha maziwa. Sakariye alimwita Eddo, kama shangazi wa damu.

Sasa alisimama mbele ya walimu na kujieleza. Alitaja vyuo, alitaja utafiti wake. Kisha akatabasamu. "Mimi masomo hayakunisumbua tangu utotoni," alisema. "Ndiyo maana nahisi nina deni kwa hawa wanaosumbuka."

Macho yake yalipita juu ya Weris bila kusimama.

Baada ya mkutano alimwita ofisini, akafunga mlango. "Madam Weris, nimefurahi kukuona. Mambo ya Wajir tuyaache kulekule, tafadhali."

"Kwa nini? Hao watoto wangefurahi kusikia. Wazazi wao je!"

"Madam. Tafadhali."

Alikubali. Alijiambia kijana ana haya zake, zitaisha. Jambo lililomchoma usiku ule na siku nyingi baadaye ni neno Madam. Lilikuwa neno la heshima, kila mwalimu wa kike aliitwa hivyo, lakini kutoka kinywani mwake lilikuwa kama mtu anayekurudishia zawadi yako.

Katika darasa la Weris alikuwepo msichana wa miaka kumi, Kaha, binti wa mfugaji aliyeitwa Kulow. Weris alikuwa amemfuata Kulow hadi malishoni, mara tatu, kumwomba amlete. Mara ya kwanza Kulow alimwambia mtoto huyo hana akili, amwache achunge. Mara ya tatu aliuliza kama huko watamchapa. Weris akamwapia kwa jina la Mungu kwamba hakuna atakayemgusa. Kaha akaja juu ya lori la mifugo, amekaa katikati ya mbuzi, akakabidhiwa kwa shangazi yake mjini.

Herufi zilimgomea. Weris akatoa chapa zake za zamani, akazichora kwenye vipande vya maboksi, na kufikia katikati ya muhula Kaha alijua saba. Alizijua kabisa, hata akiamshwa usingizini angezitaja. Mchana mmoja aliandika K kwenye vumbi la mlangoni akaketi mbele yake, akizuia watu wasiikanyage.

Wiki iliyofuata Sakariye alileta mtihani wa usomaji. Kila mtoto alionyeshwa kadi zilizochapishwa, herufi ishirini kwa dakika mbili. Kaha aliziona kadi zinapita upesi upesi, akafunga mdomo, hakusema hata zile saba.

Matokeo yalisomwa kwenye kikao cha walimu. Mzee Abdijabar alikuwepo, na Bi Ruweyda pia.

"Watoto wanne hawajafikia kiwango," Sakariye alisema. "Wataendelea na programu ya nyumbani."

"Nyumbani na nani?" Weris aliuliza. "Babake Kaha hajui kusoma. Mama alishafariki."

"Wapo wanaosubiri nafasi, Madam."

"Mtoto ana herufi saba. Alikuja bila hata moja. Mwonyeshe kwa chapa uone."

"Chapa za ngamia?" Sakariye aliwatazama wengine, akitabasamu. "Tuko mwaka gani? Hizo hazimo kwenye mtaala wowote."

Watu wawili watatu walicheka. Weris alihisi masikio yake yanawaka. Alikuwa amekusudia kunyamaza, Mungu anajua, lakini akilini alimwona Kaha ameketi mbele ya ile K yake, na ulimi ukamponyoka.

"Wewe Y uliijulia wapi, Sakariye? Si kwenye ngamia wa babako? Waambie basi. Waambie ulikuwa na miaka mingapi."

Sakariye aliweka kalamu mezani taratibu. Kisha akacheka, kicheko cha upole, kama cha mtu anayemvumilia bibi yake.

"Madam amenichanganya na mtu mwingine," alisema. "Ni kawaida. Amefundisha watoto wengi mno, na miaka nayo inakwenda."

Mzee Abdijabar alitikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu, labda unahitaji kupumzika kidogo," akasema. Hapo Weris akajua kwamba hakuna neno lolote atakaloongeza litakalosikika.

Alipotoka, Bi Ruweyda alimfuata hadi kwenye tangi la maji. "Ni kweli ulichosema?"

"Wewe umeonaje?"

"Nimeona alivyoiweka ile kalamu," Ruweyda alisema. Akatazama nyuma. "Lakini mimi nina mwezi na nusu tu hapa, dada yangu. Nisamehe."

Sakariye mwenyewe alikuja darasani jioni, watoto wakiwa wameshaondoka. Hakuketi. "Mke wangu hajui," alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. "Wakwe zangu hawajui. Wakijua, nikikosea hata tarehe kwenye barua watasema, ahaa, ndiyo sababu. Hujui maisha hayo, Eddo."

Alimwita Eddo. Weris alikuwa amelisubiri neno hilo tangu Januari, na sasa lilipofika hakujua aliweke wapi.

"Na Kaha?"

"Wafadhili wanakuja mwezi wa nne. Wanataka kuona watoto wanasoma. Wasipoona, kitengo chote kinafungwa."

"Wewe ungekuwa miongoni mwa hao wanne."

"Najua," alisema, na akaenda zake.

Barua ya Kulow alipewa Weris amsomee, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa na mzazi huyo. Kulow alikuja Alhamisi, viatu vimejaa vumbi, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Weris alimtafsiria kila neno. Hakupunguza kitu, hakulaumu mtu. Asingeweza kumlaumu Sakariye bila kujilaumu yeye mwenyewe aliyemfundisha.

"Kwa hiyo ile mara ya kwanza nilisema kweli," Kulow alisema hatimaye. "Hana akili."

"Hapana! Si hivyo. Anajua herufi saba, nimemfundisha mimi mwenyewe."

"Barua inasema nini, Mwalimu? Wewe ndiye umesoma."

Alimshika binti yake mkono wakaondoka. Kaha aliangalia nyuma mara moja, akidhani wanaenda na kurudi.

Shule ilipofunga mwezi wa nne, wafadhili walikuwa wamekuja, wamepiga picha, wameridhika. Sakariye alisifiwa. Weris aliondolewa darasani akapewa stoo ya vitabu, kwa barua rasmi safari hii, yenye muhuri. Siku ya kwanza ya likizo alimpigia simu Kulow.

"Nina nafasi sasa," alimwambia. "Naweza kuja huko kila Jumamosi, nimfundishe mwenyewe. Sihitaji chochote."

Simu ilikuwa na upepo mwingi na sauti za mbuzi. "Tumeshahama, Mwalimu. Tumefuata mvua upande wa Wajir."

"Basi nitafika Wajir. Njia za kule nazijua."

"Usijisumbue," Kulow alisema, kwa adabu kabisa. "Nimemrudisha kwa wanyama. Huku hakuna anayemuuliza asichokijua."

"Naomba nimsalimie tu."

Alisikia Kulow akiita jina la binti yake, mara mbili. Kisha sauti ya mwanamume ikarudi. "Nimemwambia ni wewe," alisema. "Amekimbia."

Weris aliaga kama inavyopasa, akamtakia amani na mvua njema. Akarudi stoo, akaendelea kupanga vitabu vya kusoma vilivyoletwa na wafadhili, vipya, bado vimefungwa kwa nailoni.